Kuwaheshimu wazazi: utii unaoanza na bidoni ya maji

Asubuhi hapa Nyawera, kabla soko halijajaa watu, mama wengi wamekwisha kutoka na mizigo yao. Nyumbani wameacha maagizo mafupi: chota maji, angalia mdogo wako, usiache mlango wazi. Amri ya tano inapimwa hapo kwanza, kabla ya kupimwa kanisani.

Maana ya neno

Katika Kutoka 20:12, neno la Kiebrania la kuheshimu linatoka kwenye mzizi wenye maana ya uzito. Kumheshimu mzazi ni kumpa uzito, neno lake lisiwe jepesi masikioni mwetu. Na katika Waefeso 6:1, neno la Kiyunani la kutii limejengwa juu ya neno la kusikia. Mtoto mtiifu ni yule anayesikia, halafu anaondoka kwenda kufanya.

Mtoto nyumbani

Luka 2 inatuonyesha Yesu akiwa na miaka kumi na miwili. Walimu wa Hekalu walishangazwa na majibu yake, lakini mstari wa 51 unasema alirudi Nazareti pamoja na wazazi wake, akawatii. Kujua Maandiko hakukumwondolea kazi za nyumbani. Kijana anayeongoza kwaya lakini anamwacha mama yake apandishe bidoni peke yake kwenye mlima, ausome mstari huo tena.

Mtoto aliyekua

Aliye na nyumba yake haagizwi tena kama mtoto, lakini amri haijaisha kwake. Katika Marko 7:9-13 Yesu anakemea desturi ya Korbani. Mtu aliweza kutangaza kwamba msaada wa wazazi wake umewekwa wakfu kwa Mungu, na wazazi wakabaki mikono mitupu. Yesu alisema desturi hiyo inalitangua Neno la Mungu.

Naandika haya nikiwa mchungaji ninayepokea sadaka. Ndugu, kama mama yako mzee hana dawa wala unga, usifikiri bahasha yako ya Jumapili inafunika jambo hilo. Paulo anaonya vikali katika 1 Timoteo 5:8 juu ya anayeacha kuwatunza watu wa nyumbani mwake. Hata Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 40, inasema kuwasaidia wazazi ni wajibu wa watoto.

Mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. Mama yangu alipopiga simu nilizoea kumjibu, “Mama, niko katika kazi ya Mungu.” Siku moja akaniuliza kwa upole, “Na mimi, mwanangu, si kazi ya Mungu?” Sikuwa na jibu. Jioni ile nilikwenda kumwona.

Mpaka wa utii

Paulo anasema tutii “katika Bwana”. Mzazi akimtuma mtoto kuiba au kusema uongo, mtoto anaweza kukataa, akikataa bila matusi. Vilevile, amri hii haimpi baba ruhusa ya kumwoza binti mdogo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inakataza kumwoza aliye chini ya miaka 18. Waefeso 6:4 inawaamuru akina baba wasiwachokoze watoto wao. Mtoto anayeumizwa nyumbani akija kwetu, tumsikilize na tumlinde. Tusimnyamazishe kwa kumsomea amri ya tano.

Kwa juma hili

Mtoto: ukiagizwa, inuka mara ya kwanza, usingoje kuitwa mara tatu. Mtu mzima: mpigie mzazi wako simu bila kuwa na shida ya kumwomba, na umuulize amekula nini. Ambaye wazazi wake wamelala, atafute mzee mmoja wa kanisa asiye na mtoto karibu, akamchotee maji.

Bwana atusaidie kuanza leo, wangali wanatusikia.