Kabla ya lami, njia ilikuwa ya baiskeli

Wadau, ukipita Babati leo kwa basi la Dodoma, kumbuka uko juu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini, kipande cha ndoto ya Waingereza ya kutoka Cape Town hadi Cairo ndani ya himaya yao. Ndoto kubwa, lakini kwetu ilibaki changarawe kwa miongo mingi. Masika tope, kiangazi vumbi mpaka kwenye nyusi.

Changarawe ile ilikuwa na faida yake, ilimpunguza mwendo dereva wa lori. Mtu na Phoenix yake, gunia la mahindi kwenye keria, aliliona wingu la vumbi kwa mbali akajiweka kando mapema.

Mwaka 2018 lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ikazinduliwa. Siibezi, mgonjwa anawahi hospitali. Ila siku hizi basi linakuja bila vumbi la kukuonya, na anayetetemeka pembeni ni yule yule wa Phoenix.

Kule Italia, kwenye mabonde ya Alps, reli ya zamani ya Pontebbana ilipoachwa na treni iligeuzwa njia ya baiskeli. Watu wanasafiri toka mbali kufuata njia isiyo na magari! Sisi tunavyo vijia vya mashambani, kati ya Ziwa Babati na Mlima Kwaraa. Viwanja vinapopimwa, vijia hivyo navyo vipimwe, kabla nyumba hazijaviziba.