Kicheko kilichofunga shule ya Kashasha mwaka 1962

Tarehe 30 mwezi wa kwanza mwaka 1962, wasichana watatu walianza kucheka katika shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika. Ukitoka Goma, unavuka Rwanda yote ndipo ukaribie upande ule wa Ziwa Victoria. Nchi yao ilikuwa na majuma machache tu tangu ipate uhuru.

Hakuna aliyewatekenya wala kuwachekesha. Walicheka, wakalia, wakacheka tena, mara dakika chache, mara masaa. Waliozuiliwa kwa nguvu walipigana. Kufikia tarehe 18 mwezi wa tatu, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Kati ya walimu hakupatwa hata mmoja.

Wasichana waliporudi kwao, kicheko kikaenda nao. Huko Nshamba, watu 217 walipatwa ndani ya miezi miwili, wengi wao watoto na vijana. Shule ya Kashasha ilifunguliwa tena mwezi wa tano, wakapatwa wengine 57, ikafungwa mara ya pili.

Uvumi ulizuka. Wapo waliosema kwamba mabomu ya atomiki yametia hewa sumu. Waganga wawili, Rankin wa Makerere na Philip wa Bukoba, walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakachunguza na chakula. Hawakuona sumu wala mdudu. Hakuna aliyekufa. Katika ripoti yao ya mwaka 1963 waliandika kwamba ni histeria iliyoenea kwa watu wengi. Miaka mingi baadaye, mtafiti Christian Hempelmann alieleza kwamba wasichana wale walikuwa wamelemewa na mkazo wa akili.

Lakini wagonjwa wenyewe walikuwa wamekwisha kusema. Wengine walieleza kwamba wanaona kama kuna mtu anawakimbiza.

Familia zilizokimbia vita zinaelewa maneno hayo bila kufafanuliwa. Mtoto akicheka au kulia bila sababu inayoonekana, si lazima awe na pepo, wala si lazima awe anajifanya. Kumpeleka kituo cha afya ni vizuri. Kumpiga hakusaidii. Na kabla ya majirani kusema ni uchawi, mzazi amkalishe pembeni, mahali penye utulivu, amuulize taratibu: ni nani anayekukimbiza?