Pacha wa Kidijitali: Istilahi na Maana Yake katika Ujenzi

Pacha wa kidijitali ni mfano wa jengo, daraja au mtambo uliomo katika kompyuta, ambao hupokea taarifa kutoka kwa vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima joto, unyevu, mtikisiko au matumizi ya umeme, na hivyo kubadilika kadiri jengo lenyewe linavyobadilika. Wazo hilo lilielezwa na Michael Grieves katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2002, likihusu bidhaa za viwandani, na jina likaenezwa na NASA kuanzia mwaka 2010, kabla ya wajenzi kulichukua.

Neno pacha linafaa, na upatanisho wake ubaki "pacha wa", kwa kuwa "pacha la" huleta picha ya dubwana. Lakini mapacha huzaliwa pamoja, ilhali huyu wa kompyuta huweza kuanza kuundwa kabla ya msingi kuchimbwa: yeye ndiye Kulwa, pacha anayetangulia kuzaliwa, na jengo la zege ni Doto, anayefuata. Kutangulia huko kuna faida kubwa, kwani bomba linalogongana na mhimili hugunduliwa kwa Kulwa, pasipo kuvunja zege iliyokwisha kukauka na kumwaga nyingine, jambo lenye uzito ikikumbukwa kuwa utengenezaji wa saruji hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Lakini mchoro wa kompyuta ambao hata ujenzi ukianza haupokei taarifa yoyote kutoka kwenye jengo, hata ukiwa na pande zote tatu na rangi za kuvutia, haustahili jina hilo. Huo uitwe kielelezo. Tofauti hiyo huonekana zege inapomwagwa: vihisi vilivyofungwa kwenye nondo hupima joto la zege changa, na kwa kuwa zege hukomaa kulingana na joto na muda, mhandisi hukadiria nguvu yake na kujua lini mirunda iondolewe, badala ya kuongeza saruji kwa hofu tu. Jengo likishahamiwa, taarifa za vihisi huonyesha kiyoyozi kinachopoza chumba kisicho na mtu.

Kwa hiyo mkandarasi anayekabidhi funguo bila kukabidhi pacha pamoja na njia za taarifa zake, humwachia mwenye jengo kielelezo cha siku ya makabidhiano, ambacho kitaanza kupitwa na wakati ukuta wa kwanza utakapotobolewa.