Bwana Msa na Deni la Sherlock Holmes

Wahakiki kadha wamemwona Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, kuwa ni mwana wa Sherlock Holmes. Hoja yao ina msingi. Kiko anacho, sahibu yake Najum ameshika nafasi ya Watson, na kama Holmes, aliyezuka katika riwaya ya Arthur Conan Doyle mwaka 1887, huwashinda polisi kwa kufikiri. Lakini kuthibitisha deni si kutoa hukumu.

Yafaa tukumbuke historia ya uchapishaji. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58, ikachapishwa 1960. Kabla ya hapo, riwaya nyingi zilizosomwa shuleni zilikuwa tafsiri, kama vile Kisiwa chenye Hazina ya Stevenson. Abdulla hakutafsiri; alichukua umbo, akalijaza Unguja.

Tofauti imo katika fumbo lenyewe. Holmes husoma majivu ya tumbaku na matope ya viatuni. Bwana Msa hana budi kusoma nasaba. Mara nyingi siri kuu katika visa vyake ni nani mwana wa nani, na nani amefichwa asili yake. Maswali hayo yalizaliwa na jamii ambamo ukoo, mali na heshima vilifungamana. Na pale wengine wanapohofia mzimu, yeye hutafuta mkono wa binadamu.

Basi tunapofundisha, tusiishie kuuliza Abdulla aliazima kwa nani. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Hii ilifumuliwa na kushonwa upya kwa kipimo cha mwenyeji, nayo ikasitiri.