Zilizopendwa Ng'ambo ya Boda

Huko Ulaya na Marekani kuna nyumba za wazee ambazo muziki hujiwasha wenyewe. Spika kama Amazon Echo, iliyoanza kuuzwa 2014, unaitajia wimbo nayo inaupiga, au unaipangia saa, mzee akiamka muziki unaanza polepole. Wataalamu wa kumbukumbu wanasema nyimbo zinazomgusa mzee zaidi ni zile alizosikia akiwa na miaka kati ya 10 na 30 hivi. Sina ugomvi na hilo. Ila kwa mzee mkimbizi kuna swali lingine: nyimbo za ujana, sawa, lakini za lugha gani?

Sisi tulivuka Busia Januari 2008. Watu husema boda boda ilizaliwa hapahapa, baiskeli za kuvusha watu kutoka boda moja hadi nyingine, na kweli shosho alivushwa kwa baiskeli, redio ameifunga ndani ya leso. Kwa hesabu ya UNHCR, Wakenya kama 12,000 walikimbilia Uganda kipindi kile. Wengi waliwekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, na mwaka huohuo wakahamishiwa Kiryandongo. Sisi tulipanga chumba Busia, upande wa Uganda.

Redio ndiyo ilileta shida. Kuanzia mwaka 2000 stesheni za lugha za mama zilienea Kenya, na wazee walizipenda mno, maana hatimaye redio iliongea kama wao. Halafu uchaguzi ukaja. Ripoti ya Tume ya Waki, Oktoba 2008, ilizitaja baadhi ya stesheni hizo kwa uchochezi. Shosho hakuhitaji ripoti. Wimbo wa Kikuyu ukianza tu, anazima. Ukuta ni mwembamba, alisema, na lugha ndiyo ilitutoa nyumbani.

Kilichobaki ni zilizopendwa. Miaka ya 60 shosho alikuwa msichana wa kazi Nairobi, na mji mzima ulikuwa unacheza twisti. Pale Equator, kampuni ya Charles Worrod, walirekodi Daudi Kabaka, Mluhya. Fadhili William, Mtaita. Nashil Pichen na Peter Tsotsi, waliotoka Zambia. Waliimba Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha waliyokutana nayo wote, na pia, tusidanganyane, ndiyo iliyouza sahani nyingi. Helule Helule ya Kabaka ilirudiwa na Tremeloes wa Uingereza, 1968. Shosho hajui habari za Tremeloes. Anajua hatua za kucheza.

Kwa hiyo nyumba yetu nayo inajiwasha. Kijana wa kibanda cha simu alijaza nyimbo kwenye memori kadi, mimi nikatega alamu saa kumi na mbili asubuhi, badala ya mlio unaingia wimbo. Chaji ni ya sola. Siku alamu ikikosa kulia, shosho hukaa kitandani hadi saa tatu, hataki chai, hataki salamu. Ikilia, namsikia akimsahihisha mwimbaji.

Mwaka jana aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama kadi ina nafasi ya Joseph Kamaru. Kamaru alifariki 2018. Shosho alikuwa hajamsikiliza tangu tuvuke. Nimemwekea nyimbo mbili, saa nane mchana, wakati majirani wako sokoni.