Mali Yenye Kinga

Mahakama za Tanzania zina neno zuri la hatua inayofuata pale mdaiwa aliyeshindwa kesi asipolipa: kukaza hukumu. Ukilisikia mara ya kwanza unaona kamba na fundo. Dalali wa mahakama huja na hati mkononi na pikapu nyuma yake, na muda si muda sofa na friji viko nje.

Ila cherehani ya fundi nguo haiguswi. Wala sufuria, wala nguo, wala kitanda na matandiko ya familia. Vitu hivyo tuviiteje? Wapo wanaosema "mali iliyosamehewa", kwa kuigiza msamaha wa kodi. Siliafiki. Msamaha una mwenye kusamehe, na hapa mdai hajasamehe hata senti. Wengine husema "mali isiyokamatika". Kisarufi halina kasoro, lakini masikioni mwangu ni kibaka aliyeruka ukuta. Cherehani haijakimbia popote. Ipo barazani, dalali anaitazama.

Mimi nasema "mali yenye kinga". Mwenye mwavuli amejikinga, na mvua bado inanyesha. Deni nalo liko pale pale.

Orodha yenyewe ina asili ya India, katika sheria ya mwenendo wa madai ya mwaka 1908. Ndiyo maana kifungu cha 44 cha sheria ya Kenya kinataja hata mapambo ambayo, kwa desturi ya dini, mwanamke hawezi kutenganishwa nayo. Kifungu hicho hicho kinakinga theluthi mbili ya mshahara: anayelipwa shilingi 60,000, mdai hagusi 40,000. Tanzania, katika sheria yake ya mwaka 1966, iliongeza jambo kubwa zaidi, nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake. Aliyeiweka rehani benki, hiyo ni habari nyingine.

Kinga lakini si maficho, na hapa ndipo neno hili linapopotoshwa mitaani. Mtu ameshtakiwa, mara shamba linahamia jina la shemeji, naye anajiita amekinga mali. Hajakinga, ameficha. Nchini Kenya, kuhamisha mali kwa hila baada ya kesi kufunguliwa ni mojawapo ya sababu za mahakama kumpeleka mdaiwa gerezani, awe mfungwa wa madai. Na akiwa huko ndani, cherehani yake ingali na kinga.