Kuona Kabla ya Kukata

Ini la mwanadamu hutengeneza nyongo, na nyongo hiyo hupita katika mirija myembamba hadi kwenye utumbo, ambako husaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Vitabu vya tiba huichora mirija hiyo kwa sura moja: mmoja watoka upande wa kulia wa ini, mmoja upande wa kushoto, kisha hiyo miwili huungana ikawa mmoja, na mrija wa mfuko wa nyongo huingia hapo chini yake.

Mchoro huo ni wa kweli, lakini si wa watu wote. Yapata mtu mmoja katika kila watatu, au zaidi, ana mpangilio mwingine. Yuko ambaye mrija mmoja wa kulia huvuka na kuungana na ule wa kushoto. Yuko ambaye mrija wa kulia hushuka peke yake na kupita karibu kabisa na mfuko wa nyongo. Watu hawa si wagonjwa. Huishi na kufa wasijue. Hatari yaja siku wanapolazwa mezani kupasuliwa.

Mwaka 1882, mjini Berlin, Carl Langenbuch aliondoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa kwa mara ya kwanza. Wakati huo mpasuaji hakuwa na njia ya kuiona mirija kabla ya kufungua tumbo. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen akagundua eksirei; mifupa ikaonekana, lakini mirija ya nyongo ikabaki gizani, kwani ni laini na haitoi kivuli.

Mwaka 1924, mjini St. Louis, Marekani, Evarts Graham na Warren Cole walidunga mshipani dawa ambayo ini huichuja na kuitia katika nyongo, na kivuli cha mfuko kikatokea pichani. Mwaka 1931 Pablo Mirizzi wa Córdoba, Argentina, alitia dawa ya picha ndani ya mirija yenyewe wakati wa upasuaji. Mwaka 1968 matabibu wa Marekani wakaifikia mirija kwa bomba la kuchungulia lililopitishwa mdomoni. Njia hii ilifaa sana, ila kwa baadhi ya wagonjwa huchochea uvimbe wa kongosho.

Ndugu msomaji, maendeleo nayo huja na mtihani wake. Mwaka 1985, Ujerumani, Erich Mühe aliondoa mfuko wa nyongo kwa kupitia matundu madogo. Jeraha likawa dogo na mgonjwa akapona upesi. Lakini njia hiyo ilipoenea katika miaka ya 1990, mirija iliyokatwa kwa makosa iliongezeka. Aghalabu mpasuaji aliudhania mrija mkuu kuwa ni ule wa mfuko, akaukata. Mtu aliyeingia hospitali kwa ajili ya mawe madogo akatoka na maradhi ya ini ya miaka mingi. Ndipo mwaka 1995 Steven Strasberg na wenzake wakasisitiza kanuni: safisha mafuta mpaka uone wazi njia mbili tu ziingiazo kwenye mfuko, kabla ya hapo, usikate.

Tangu mwaka 1991 ipo pia picha ya mashine ya sumaku, ambayo huonyesha nyongo iking'aa ndani ya mirija bila kisu wala eksirei. Kwa mtu mzima wa afya anayejitolea kumkatia ndugu yake sehemu ya ini, kuichunguza mirija kabla ni jambo la lazima. Kwa upasuaji wa kawaida wa mfuko wa nyongo, wapasuaji bado hawajakubaliana kama kila mgonjwa apigwe picha ya mirija.

Lakini funzo lenyewe halina ubishi. Wengi si wote. Kitabu chatueleza habari za watu wengi, na mgonjwa aliye mezani ni mmoja. Basi mwenye kisu, hata awe bingwa, hana budi kumtazama huyo mmoja kwanza, kwani mrija ukishakatwa, ujuzi wote hauwezi kuurudisha kama ulivyoumbwa.